Tano Iliyozidi Ishirini: Kiswahili Mbele ya Sigara ya Kielektroniki

Nianze kwa kukiri kosa, maana makala haya yasingeandikwa lau kosa lenyewe lisingetendeka. Muhula uliopita binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga na mwaka wa kwanza, alinijia chumbani mwangu hapa Shieywe akaniomba nimsindikize dukani. Likizoni alikuwa amejifunza kuvuta sigara, mbili kwa siku, na alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba anayetaka kuacha sigara hununua kile kidude cha umeme kinachovutwa bila kiberiti. Hakujua achague kipi. "Kaka," aliniambia, "wewe ni mtu wa lugha. Twende ukanisomee."

Duka lenyewe lilikuwa dogo, la vifaa vya simu. Katikati ya chaja na vifuniko vya simu palikuwa na vidude hivyo, vimepangwa safu safu, rangi zake kama za peremende. Muuzaji alitutolea pakiti mbili za bei moja. Zote zilikuwa na kifaa cha kutumia na kutupa, chenye kimiminika cha mililita 2. Pakiti ya kwanza iliandikwa kwamba ina miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Ya pili iliandikwa asilimia 5, basi. Binamu yangu akanitazama. Nami, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, niliyekwisha kupita mitihani ya fonolojia, sintaksia na ushairi wa kale, nikatoa fatwa: tano ni ndogo kuliko ishirini, na anayeanza na aanze na ndogo.

Usiku ule alitapika mara mbili. Mikono ilimtetemeka na moyo ukamwenda mbio, nasi tukakilaumu chakula cha kibandani. Baada ya siku tatu kichefuchefu kilikwisha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli, kwa kuwa mwili ulikuwa umezoea. Kufikia katikati ya muhula hakuweza kukaa katika mhadhara wa saa mbili bila kutoka nje. Kijana aliyekuwa akivuta sigara mbili kwa siku sasa alivuta angali kitandani, kabla ya kunawa uso.

Hesabu iliyonishinda ni ya shule ya msingi. Asilimia 5 ya kimiminika kile ni miligramu 50 katika kila mililita. Pakiti niliyoiita ndogo ilikuwa na nikotini mara mbili na nusu ya ile niliyoikataa: miligramu 100 dhidi ya 40. Mvutaji wa sigara ya kawaida hupata mwilini takriban miligramu 1 hadi 2 kutokana na sigara moja, kwa hiyo mtu aliyezoea miligramu zisizozidi 4 kwa siku nilimkabidhi kisima. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2014 ulioanza kutumika mwaka 2016, hata kuuza kimiminika kinachozidi miligramu 20 kwa mililita ni marufuku. Kipimo nilichokikwepa kwa kudhani ni kikali ndicho kilichokuwa kilele cha kile kinachoruhusiwa huko.

Msomaji ataniambia kwamba hilo ni kosa la hisabati, si la lugha. Sikubali. Asilimia na miligramu ni lugha mbili zilizotumiwa kutaja kitu kimoja, na pakiti zote mbili zilikuwa kimya kuhusu namna ya kutafsiri moja kwa nyingine. Katika maisha ya mwanafunzi, asilimia 5 ni alama ya mtu aliyefeli. Ni kitu kidogo, karibu na hakuna. Aliyechagua kuandika hivyo alijua anaandika nini.

Kuna jambo jingine ambalo mtu anayeanza haambiwi. Nikotini ya kawaida, ikiwa kali, hukwaruza koo. Anayeanza huikohoa na kuacha, na kikohozi hicho ni askari wake. Katika vifaa vya miaka ya karibuni nikotini huchanganywa na asidi, aghalabu asidi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini, ambayo hupita kooni kwa ulaini hata ikiwa ya miligramu 50. Kampuni ya Juul ya Marekani ndiyo iliyoipa njia hiyo umaarufu kuanzia mwaka 2015, na wengine wakafuata. Hivyo askari amelazwa usingizi. Binamu yangu hakukohoa hata mara moja, naye akaniambia kwa furaha kwamba nilimchagulia vizuri.

Turudi sasa kwenye uwanja wetu, uwanja wa maneno. "Huu ni mvuke tu," alituambia muuzaji, "hauna moshi." Nilisikia neno hilo nikatulia, kama wengi wanavyotulia. Mvuke kwa Mswahili ni kitu cha jikoni, hutoka katika sufuria ya chai. Zaidi ya hayo ni tiba: mgonjwa wa mafua hufunikwa blanketi akajifukiza kwa maji ya moto yenye majani ya mkaratusi, na wakati wa janga la korona Watanzania wengi walirudia nyungu kwa imani kubwa. Neno lenye sifa njema kama hiyo linapobandikwa kwenye kifaa cha nikotini, huikopesha bidhaa heshima ambayo haikuichuma.

Isitoshe, neno lenyewe si sahihi. Kinachotoka katika kifaa kile si mvuke wa maji. Betri hupasha moto waya uliosokotwa, yaani koili, iliyozungushiwa pamba iliyolowa kimiminika. Kimiminika huchemka, kisha mara tu kinapokutana na hewa iliyo baridi zaidi hugeuka vitone vidogo mno vinavyoelea. Ndani ya vitone hivyo mna propilini glaikoli, glisarini, nikotini, vikolezo vya ladha, na chembe za metali zinazotoka katika koili yenyewe. Vitone vinavyoelea hewani vina jina katika Kiswahili, nalo ni ukungu. Sisi wakaazi wa Kakamega hatuhitaji kuelezwa ukungu ni nini. Tunauona asubuhi ukitandaa juu ya msitu. Kosa hili si letu peke yetu, kwani Waingereza nao wamekiita mvuke kitu kisicho mvuke, nasi tukatafsiri kosa lao kwa uaminifu mkubwa.

Vijana, kwa upande wao, wana msemo wao: "kupiga pafu". Neno hilo wamelitohoa kutoka Kiingereza bila kukumbuka kwamba pafu kwa Kiswahili sanifu ni kiungo cha kupumulia. Kwa hiyo anayesema "nipige pafu moja" anasema ukweli bila kukusudia. Sioni haja ya kuwasahihisha.

Ama jina la kifaa chenyewe, tumekuwa tukisema "sigara ya kielektroniki", na mtaani "vepu". Kiingiacho mjini si haramu, walisema wahenga, na sina ugomvi na utohozi. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kudhani kwamba lugha yetu haijawahi kukutana na kitu cha namna hii. Kamusi za zamani, za A. C. Madan na Frederick Johnson zikiwa miongoni mwake, zinaeleza kiko cha Waswahili kwa undani unaostaajabisha. Kiko hakikuwa kile kigae cha mbao cha Wazungu tunachokiona kwenye sinema. Kilikuwa chombo cha maji, aghalabu kifuu cha nazi. Juu yake palikuwa na bori, kichwa kinachowekwa tumbaku na moto. Bori liliunganishwa na maji kwa digali. Na kutoka kwenye chombo mvutaji alivuta kwa mrija uitwao shilamu, mfano wa mirija mirefu ambayo wazee wetu huku magharibi walinywea busaa. Hata ile sauti ya maji yakigugumia ndani ilipewa jina: malio ya kiko.

Tazama basi kidude cha dukani. Kina sehemu inayochoma, chombo kinachohifadhi kimiminika, na mrija wa kutia mdomoni. Tofauti kubwa ni betri. Pendekezo langu kwa wahadhiri na wanachama wenzangu ni kwamba tukiite kiko cha umeme. Sehemu ya koili tuiite bori. Mrija wake shilamu. Kile kinachovutwa tukiite ukungu wa nikotini, bila kuificha nikotini nyuma ya matunda. Nilipolitoa wazo hili katika mjadala wetu wa Ijumaa, mwenzangu mmoja kutoka pwani alicheka akasema, "Kiko ni cha babu. Hakuna kijana atakayetaka kuonekana na kiko." Nami nikamjibu kwamba amenimalizia hoja yangu. Jina "vepu" linanukia ujana, jiji na pesa. "Kiko" kinanukia baraza la wazee. Ikiwa jina la kweli linakipunguzia kifaa mvuto, basi mvuto ule ulikuwa wa jina.

Neno jingine la kuogopa ni "juisi", ambalo ndilo wauzaji wanaloliita kimiminika. Juisi ni ya embe, ya ukwaju, ya mtoto mgonjwa. Pakiti huandikwa tikitimaji, zabibu, mnanaa, nazi. Vikolezo hivyo vingi vimeruhusiwa katika chakula, na muuzaji atakuapia hivyo. Lakini tumbo na pafu si ndugu. Mfano ulio wazi ni diasetili, kikolezo chenye harufu ya siagi. Ukikila hakina neno. Wafanyakazi wa kiwanda cha bisi katika jimbo la Missouri, Marekani, waliokipumua siku baada ya siku, waligunduliwa mwaka 2000 kuwa na ugonjwa wa kuziba kwa njia ndogo za hewa mapafuni, ugonjwa usiorudi nyuma. Wapo pia wanaokiita kimiminika "mafuta", nalo ni jina la hatari zaidi. Mwaka 2019 Wamarekani walianza kulazwa hospitalini kwa wingi wakiwa na mapafu yaliyojeruhiwa. Kufikia Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliokufa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika vimiminika vya bangi vilivyouzwa kwa njia za panya. Anayeanza akiambiwa "tia mafuta haya, ni ya rafiki yangu", na akumbuke hesabu hiyo.

Sasa, je, nadai kwamba binamu yangu alikosea kutafuta kifaa hicho? Hapa nataka kuwa mwadilifu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2022 yalihitimisha kwamba viko hivi vyenye nikotini huwawezesha wavutaji wengi zaidi kuacha sigara kuliko vibandiko na chingamu za nikotini. Moshi wa tumbaku iliyochomwa una lami na kaboni monoksidi ambazo ukungu hauna kwa kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani nalo, Desemba 2023, liliyahimiza mataifa kuchukua hatua kali, ikiwa ni pamoja na kupiga marufuku ladha zote, kwa ajili ya watoto wanaovutwa na ladha hizo. Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana kwa mtu asiyeuliza: anayeanza ni nani? Kwa asiyevuta sigara, uchaguzi bora wa kifaa ni kutochagua, na anayemshauri vinginevyo anamfanyia biashara. Kwa mvutaji anayetaka kutoka, kifaa chaweza kuwa daraja, lakini daraja lina pande mbili na sharti mtu ajue anaelekea upande upi. Anayevuta vyote viwili, sigara asubuhi na kiko usiku, amesimama katikati ya daraja.

Kama ningerudishwa dukani leo, ningefanya tofauti. Ningemwambia binamu aende kwanza kwa muuguzi, maana vibandiko na chingamu za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na sigara mbili kwa siku huenda zikaachwa kwa ushauri tu. Kama angeshikilia kiko, ningekataa kile cha kutupa. Ningetafuta chenye kikopo cha kujaziwa, ili kipimo kiweze kupunguzwa hatua kwa hatua, jambo ambalo kifaa cha kutupa hakikubali. Na vile vikubwa vyenye tangi na nguvu nyingi ningewaachia waliokwisha kujipoteza humo. Ningezidisha miligramu kwa mililita kabla ya kutoa shilingi. Ningekataa chupa isiyo na jina la mtengenezaji. Na chupa yenyewe ningeiweka mbali na watoto wa mwenye nyumba, kwa kuwa kimiminika kile kikinywewa ni sumu, na harufu yake ni ya tikitimaji.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni kwamba tuliwahi kulijua jambo hili. Kenya ilitia saini na kuridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku siku moja, tarehe 25 Juni 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ikaagiza kwamba pakiti ya sigara iwe na onyo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Zingatia hilo: bunge lilitambua kwamba Mkenya anahitaji kuonywa kwa lugha anayoielewa. Lakini sheria ile iliandikwa ikiwa na jani la tumbaku akilini. Kiko cha umeme cha kisasa kilikuwa kimebuniwa nchini China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003, na huku kwetu kilikuwa bado kigeni. Mkusanya ushuru ndiye aliyekiona mapema. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 ilikitaja waziwazi, shilingi 3,000 kwa kila kimoja, na mwishoni mwa mwaka 2024 kimiminika chake kilipandishiwa ushuru hadi shilingi 100 kwa mililita. Uganda, ambayo mpaka wake hauko mbali na hapa, ilichagua njia fupi: sheria yake ya mwaka 2015 ilivipiga marufuku kabisa. Kwetu, Seneta Catherine Mumma aliwasilisha mswada katika Seneti mwaka 2024 wa kuvileta vifaa hivi na vifuko vya nikotini chini ya sheria ya tumbaku. Kwenye pakiti mbili tulizoonyeshwa dukani, hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Palikuwa na Kiingereza na Kichina.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa. Viweke vifungu hivyo kando kwa kando uone vinasema nini kuhusu pakiti ile. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitangaze siku hiyo mwaka 2021, tunavaa kanga na kanzu, tunaghani mashairi ya kukisifu Kiswahili, kisha tunapiga picha. Sikatai sherehe. Ila lugha inayosifiwa jukwaani huku ikikosekana kwenye kitu kinachotiwa mdomoni ina mapungufu ambayo ushairi hauyazibi.

Ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Tuandike karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tuipeleke zahanati ya chuo wauguzi waikague, kisha tuibandike katika mabweni na katika nyumba za kupanga hapa Shieywe. Iwe na mchoro wa kiko na majina ya sehemu zake. Iseme kwamba asilimia 1 ni miligramu 10. Iseme kwamba ukungu si mvuke. Wahadhiri wetu wa isimu wapitie istilahi, na ikiwa bori na shilamu hazitawaridhisha, watupe nyingine zilizo bora. Sitaona haya kusahihishwa mara ya pili.

Binamu yangu hajaacha. Ameshuka hadi miligramu 10, na anakaa mhadhara mzima akiwa ameuma kalamu. Alhamisi anakwenda kliniki, nami nitamsindikiza.